Ligi Ikibaki Mechi Tatu: Hivi Ndivyo Unasoma Jedwali Kama Mse wa Thika

Msimu ukikaribia kuisha, kila base kati ya Makongeni na Kimbo inageuka darasa la hesabu. Mse ambaye alikuwa anahepa math shuleni ghafla ako na simu mkononi: "Sisi tukishinda hizi mbili, wao wadroo moja, na wale wengine wachapwe..." Alafu mwingine anamkatiza, sauti zinapanda, na hakuna mtu anakunywa chai yake tena.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaangalia kitu kimoja tu: nani ako juu. Jedwali linakuonyesha nani ako juu leo. Halikwambii nani atabeba. Hiyo unaipata kwa kuuliza maswali matatu: mechi ngapi zimebaki, timu zikilingana ni sheria gani inazitenganisha, na waliobaki kwa ratiba ni akina nani. Swali la tatu ndilo watu husahau, na ndilo Thika ilifunza Kenya nzima. Soma hii, uweke, utaihitaji mwisho wa msimu.

Siku Thika United waliharibia watu sherehe

Rudi Novemba 2012. Ligi kuu ya Kenya ilifika siku ya mwisho ikiwa na timu tatu kwa mbio: Tusker, Gor Mahia na AFC Leopards. Gor hawakuwa wamebeba ligi tangu 1995. Kuna watoto walikuwa wamezaliwa, wakasoma mpaka wakafika sekondari, na hawajawahi kuona K'Ogalo wakiinua hilo kombe. Mzungu wao, kocha Zdravko Logarušić, alikuwa amewafikisha mahali hatima ilikuwa mikononi mwao wenyewe. Washinde tu, imeisha.

Mpinzani wa siku hiyo? Thika United.

Sasa cheki. Thika United hawakuwa wanafukuza kombe. Hawakuwa wanashuka pia. Kwa karatasi, hiyo ndiyo timu kila mtu angetaka kukutana nayo siku ya mwisho. Lakini timu ambayo haina presha inacheza mpira wake tu. Gor walilazimishwa droo. Kwingine Tusker, chini ya Robert Matano, wakafanya kazi yao na kushinda, wakapita na pointi moja na kutetea taji walilochukua 2011. Kombe likabaki karibu na Thika Road sawa, lakini Ruaraka kwa Tusker.

Gor walingoja mpaka 2013 ndio wakamaliza ukame wa miaka 18. Na kuna kitu kingine kuhusu Thika United: haikuwa timu ya mchezo. Francis Kahata alipitia hapo kabla ya kwenda Albania kuchezea KF Tirana, kisha akarudi nyumbani kuwa kwa ile Gor ya 2015 iliyobeba ligi bila kupoteza mechi hata moja.

Somo: ukiona timu yako imebakisha mechi na "timu ya katikati", usianze kupanga sherehe.

Hesabu ya kwanza: kila timu inaweza kufika wapi

Hii ni rahisi. Chukua pointi timu iko nazo, ongeza mechi zilizobaki mara tatu. Hiyo ndiyo dari yake, haiwezi kupita hapo hata iombewe.

Mfano. Timu A iko na pointi 58 na mechi mbili zimebaki. Timu B iko na 53 lakini imebakisha mechi tatu. Kwa jedwali unaona pengo la pointi tano, unasema imeisha. Haijaisha. Dari ya B ni 53 ongeza 9, yaani 62. A wakishinda moja na kudroo moja wanafika 62 pia, na hapo wanaingia kwa mambo ya sheria. Ndio A wawe salama kabisa bila kutegemea mtu, lazima washinde zote mbili wafike 64, au wangoje B wapoteze pointi mahali.

Kwa hivyo kabla ubishane na mtu, kwanza angalia safu ya mechi zilizochezwa. Mse akikuletea jedwali ambalo halionyeshi hiyo safu, mwambie arudi na lingine.

Mkilingana: hapa ndio vita huanzia

Kwa ligi yetu ya wanaume, mfano mzuri ni msimu wa 2021/22. Tusker na Kakamega Homeboyz walimaliza wote na pointi 63. Msimu mzima, mechi 34 kila mmoja, na bado hakuna aliyemshinda mwenzake kwa pointi. Tusker wakabeba taji lao la 13 kwa tofauti ya mabao. Yaani ile bao la nne ambalo watu waliona ni la kujionyesha, na lile bao la kizembe mlifungwa mkiwa mmeshachapwa, yote yalikuwa yanahesabiwa kimya kimya.

Majuu iliwahi kutokea mwaka ule ule wa Thika United na Gor. Mei 2012, Manchester City na Manchester United walimaliza na pointi 89 kila mmoja, City wakabeba kwa mabao manane zaidi. Ile bao ya Agüero dakika za mwisho iliwapa pointi tatu, lakini kilichowapa kombe juu ya United ni mabao ya tangu Agosti.

Sasa usibebe hiyo sheria kila mahali. Hispania wanaangalia kwanza matokeo ya ana kwa ana, yaani nyinyi wawili mlipokutana ilikuwaje. Hapo tofauti ya mabao ya msimu mzima inakaa nyuma.

Na kwa vikapu ni story nyingine kabisa. Kama wewe huwafuata Zetech Sparks, wale madem wa chuo cha Zetech pale Ruiru ambao hukabana na akina KPA na Equity kwa ligi ya kitaifa, jua hivi: kwa sheria za FIBA ukishinda unapata pointi mbili, ukipoteza unapata moja, ukikosa kufika uwanjani unapata sufuri. Ndio maana timu iliyochapwa mechi nyingi bado inaonekana na pointi. Usishtuke. Angalia ushindi, sio pointi. Na mkilingana, kinachoangaliwa kwanza ni mechi zenu nyinyi kwa nyinyi. Kwa hivyo ile mechi mlipoteza mapema msimu, mkasema "si kitu, tutarudi", inaweza kurudi kuwaangukia mwishoni.

Kanda, mchujo na kwa nini kuongoza hakutoshi

Kuna ligi ambazo kuwa namba moja ni mwanzo tu. Thika Queens wanaijua hii. Msimu wa 2020/21 timu za ligi kuu ya wanawake ziligawanywa kanda mbili, alafu waliofanya vizuri wakakutana kwa mchujo. Vihiga Queens ndio walikuwa wamezoea hiyo ligi. Wasichana wa Thika wakapita mchujo na kubeba.

Kwa mfumo kama huo, hesabu yako inabadilika. Huulizi tena "tutamaliza namba ngapi?" Unauliza "tutaingia mchujo, na tutapatana na nani?" Kuna timu hupumzisha wachezaji wakishajua wameingia, na ikipumzisha, yule anayecheza nayo wiki hiyo anapata zawadi ambayo mpinzani wake hakupata. Si haki, lakini iko ndani ya sheria.

Wale mko na cuzo kwa chuo Marekani mtaelewa besiboli yao kwa njia hii hii. Timu za vyuo zinakaa kwa makundi yanayoitwa konferensi. Wikendi moja mnacheza na chuo kimoja mara tatu. Kwa konferensi kubwa kama SEC, hizo ni wikendi kumi, mechi 30. Mwishoni kuna mashindano ya konferensi, na anayeyashinda anajikatia tiketi ya kuingia kwa timu 64 za kitaifa. Hizo 64 zinachujwa mpaka zinabaki nane, ambazo zinaenda Omaha, Nebraska, kutafuta bingwa.

Cuzo akikwambia "tuko mechi moja na nusu nyuma", usimcheke. Besiboli kwa kawaida haina droo, kwa hivyo wao hawahesabu pointi, wanahesabu ushindi na vichapo. Kama wa kwanza ameshinda 20 na kupoteza 7, na wa pili ameshinda 18 na kupoteza 8, ushindi umepishana kwa mbili na vichapo kwa kimoja. Jumla tatu, gawa kwa mbili: moja na nusu. Hiyo nusu inatokea kwa sababu mmoja amecheza mechi zaidi ya mwingine. Na mvua ikifuta mechi, si lazima irudiwe, ndio maana mwishoni wanaangalia asilimia ya ushindi.

Wao pia wako na namba ya kumaliza kazi. Chukua idadi ya mechi za msimu, ongeza moja, toa ushindi wa anayeongoza, toa vichapo vya anayemfuata. Kwa mfano wetu: 30 ongeza 1 ni 31, toa 20, toa 8, inabaki 3. Maana yake kila anayeongoza akishinda, au anayemfuata akipoteza, hiyo namba inapungua moja. Ikifika sufuri, mambo imeisha.

Usisahau chini ya jedwali

Watu wa mtaa hupenda kuongea juu ya kombe, lakini maumivu ya kweli yako chini. Mwaka 2018 ligi ilikuwa na timu 18. Wazito na Thika United wakashuka pamoja, Nakumatt wakaenda kucheza mchujo na Ushuru na kuponea. Thika United, wale wale walionyima Gor kombe 2012, miaka sita baadaye wao ndio walikuwa wanahesabu dari yao na haitoshi.

Na timu ikishuka si jina tu linahama. Aliyekuwa anauza njugu na maji nje ya uwanja anapoteza wikendi zake. Kijana wa Kiandutu aliyekuwa anaona ligi kuu kwa miguu sasa anaiona kwa skrini. Wachezaji wazuri wanatoka, mdhamini anaanza kuuliza maswali. Ndio maana mechi ya namba 15 na namba 17 mwishoni mwa msimu huwa na moto kuliko ile ya juu. Ukiwa na mia mbili ya kuingia uwanjani na lazima uchague moja, nenda hiyo.

Kwa nini siku ya mwisho mechi huanza saa moja

Si bahati. Kombe la Dunia 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walicheza mechi yao ya mwisho ya kundi wakati Algeria walikuwa washamaliza zao. Wote wawili walijua kwamba Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wanapita pamoja. Bao likaingia mapema, 1-0, alafu mpira ukakufa. Algeria wakaenda nyumbani. Tangu hapo FIFA ikaamua mechi za mwisho za kundi zianze pamoja, na ligi nyingi hufuata njia hiyo kwa siku ya mwisho.

Hapo ndipo nakuambia kuhusu mkeka. Mechi za mwisho wa msimu ndizo ngumu kutabiri: kuna timu imechoka, kuna timu imepumzisha watu, kuna timu haijalipwa. Na kuna mambo mabaya pia. Mwaka 2020 FIFA ilifungia wachezaji kadhaa waliokuwa wamecheza ligi yetu kwa sababu ya kupanga matokeo. Usiweke rent kwa mechi ambayo hujui mwenye anacheza anataka nini.

Rada ya haraka

Kabla ubishane tena pale base, pitia hii:

• Kila timu imebakisha mechi ngapi? Piga dari yake.
• Mkilingana, ligi hii inaangalia mabao au ana kwa ana? Usikisie, kila ligi iko na yake.
• Kuna mchujo baada ya hapa? Kama upo, nafasi ya kwanza si kombe bado.
• Waliobaki kwa ratiba wanapigania nini? Kombe, kushuka, au hawana presha?
• Kuna mtu amepigwa kadi na atakosa mechi kubwa?

Hilo swali la nne lipe uzito zaidi. Gor walikuwa na majibu ya mengine yote 2012. Hilo moja ndilo Thika United waliwajibia uwanjani.