Gogo la Nyuma ya Moto

Wazungumzaji wa Kiingereza wa karne ya 17 waliposema baklogi walimaanisha gogo: lile nene linalowekwa nyuma kabisa ya meko ili moto usizimike, kuni ndogo zikiungua mbele yake. Baadaye neno likahamia kwenye akiba, kisha kwenye oda ambazo kiwanda kimezipokea na hakijazitekeleza. Sisi tungeziita viporo.

Kwenye programu za kompyuta lilipata makao mapya ndani ya Scrum, njia ya timu kutengeneza programu kwa pamoja. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika katika Harvard Business Review kuhusu kampuni kama Honda na Canon, ambako timu moja ilitengeneza bidhaa tangu mwanzo hadi mwisho, kama wachezaji wa raga wanaosogeza mpira pamoja, badala ya idara kupokezana vijiti. Mwaka 1993 Jeff Sutherland na wenzake wakaijaribu njia hiyo katika kampuni ya Easel, Massachusetts. Mwaka 1995 Ken Schwaber akaieleza kwenye mkutano wa OOPSLA huko Austin, Texas. Ndani ya Scrum, baklogi ni kapu la yote yanayosubiri: maombi ya wateja, hitilafu, hata marekebisho ya kiufundi.

Badiliko ninalolithamini kuliko yote ni dogo, na wengi hulipita. Mwongozo wa Scrum ulipotoka 2010 uliieleza baklogi kwa lugha ya vipaumbele. Toleo la 2011 likasema orodha iliyopangwa kwa mfuatano. Vitu kumi vinaweza kuwa kipaumbele kwa pamoja. Kwenye foleni, wa kwanza ni mmoja tu. Na anayepanga foleni ni mmiliki wa bidhaa, mtu mmoja, si kamati.

Nilikuja kulielewa hilo Kariakoo. Nilikuwa nimekabidhiwa programu ya maduka ya jumla niwe mmiliki wa bidhaa, pamoja na jedwali la mistari zaidi ya mia mbili, karibu yote imeandikwa "muhimu sana". Nililiacha jedwali mezani, nikaenda kukaa dukani kwa mama mmoja muuza vitenge. Chini ya kaunta alikuwa na daftari la madeni, jalada limefungwa kwa mpira, majina ya waliolipa yamekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Mwanangu," aliniambia, "wanaonidai hawanisahau. Ninaowadai ndio nawasahau."

Nikauweka mstari wa madeni juu kabisa. Ripoti za grafu walizozitaka wakubwa zikashuka hadi chini, na nikaitwa kujieleza. Nilieleza.

Baada ya sprinti ya kwanza, yaani awamu fupi ya kazi, nilimpelekea simu yenye madeni tu, hakuna kingine. Alivaa miwani, akalinganisha jina kwa jina, kidole kikitembea kwenye daftari. Alipofika mwisho alirudisha mpira kwenye jalada.

"Na risiti je?"

Nikaandika risiti mstari wa pili.