Munganga mmoja, mto mmoja: historia ya 1964 kwa wale wanaoanza kazi



Rafiki yangu ametoka kuwa munganga. Usiku mmoja alinipigia simu: «Ndugu, mtoto wangu ananiona kama mgeni.» Yuko peke yake kwa hospitali nzima, fasi ya mbali na Kisangani. Mimi ni mtu wa kilimo, jibu sikuwa nalo. Lakini nilikumbuka historia moja iliyoishia hapa kwetu.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Kongo haikuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya udaktari. Wageni njo walijaza pengo. Mmoja wao ni Paul Carlson, Mmarekani. Alikuja mara ya kwanza 1961 kwa miezi michache. Mwaka wa 1963 akarudi na bibi yake Lois na watoto wao wawili, akafanya kazi Wasolo, kule Ubangi. Munganga mmoja, watu karibu 100,000.

Mwaka wa 1964, waasi walioitwa Simba walipokaribia, alivusha jamaa yake mto Ubangi, akawaweka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kisha akarudi kwa wagonjwa. Alikamatwa, akaletwa hapa Kisangani, wakati ule Stanleyville. Asubuhi ya 24 Novemba, askari wa parashuti wa Ubelgiji waliposhuka, mateka walipigwa risasi barabarani. Carlson alikufa akijaribu kupanda ukuta ajifiche. Alikuwa na miaka 36.

Wengi wanamsifu juu alirudi. Na mimi ninamheshimu. Lakini ninajiuliza: kama Wasolo ingekuwa na waganga watatu, angelazimika kuchagua upande gani wa mto? Hata leo tunasema «munganga mzuri halali», na kukosa watu tunakuita moyo wa kazi.

Nilimwambia rafiki yangu asijihukumu. Aandikie munganga mkubwa wa zoni ya afya, aombe mwenzake, hata wa kumpokea usiku mbili kwa juma. Na wewe unayemaliza masomo mwaka huu, mbele ya kukubali kazi, uliza kwanza: nani atanipokea zamu?

Shamba linalolimwa kila msimu bila kupumzika linachoka, kisha halilishi mtu.

Waganga wetu, ninyi mnapanga namna gani? Tuandikieni hapa chini.