Sheria ya afya ya akili: Nani aamue mgonjwa azuiliwe?

MTU hunyimwa uhuru wake, kwa kawaida, baada ya mahakama kumpata na hatia. Sheria ya afya ya akili ni miongoni mwa sheria chache zinazoruhusu kuzuiliwa kwa mtu ambaye hakutenda kosa lolote, kwa sababu ya maradhi tu. Hapo ndipo penye ugumu wake wote.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyoanza kutumika Mei 1991, ilimtenganisha mgonjwa anayejipeleka hospitalini kwa hiari na yule anayepelekwa pasipo hiari. Huyu wa pili aliweza kuzuiliwa kwa ombi la mume, mke au jamaa, likiambatana na maoni ya daktari, kwa muda wa hadi miezi sita; muda huo uliweza kuongezwa, mradi jumla isizidi miezi 12. Jamaa, ni kweli, huwa ndiye wa kwanza kuona dalili. Lakini yeye huyo anaweza kuwa na ugomvi wa shamba na mgonjwa.

Fikra ya kuwatenga wagonjwa ni ya kale. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa yakitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui.

Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni zinazotaka mgonjwa atibiwe katika mazingira yasiyombana kupita inavyohitajika, na kuzuiliwa kwake kukaguliwa na chombo huru. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008, ulikwenda mbali zaidi: ulemavu wenyewe usiwe kamwe sababu ya kumnyima mtu uhuru. Mataifa mengi yaliyoutia saini bado yanasitasita hapo.

Marekebisho ya sheria ya Kenya ya mwaka 2022 yalitambua haki ya mgonjwa kutoa ridhaa ya matibabu na kupata bima ya afya, na kuzipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo.

Hata hivyo, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliendelea kuhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 9, 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Kabla ya uamuzi huo, aliyenusurika aliweza kupelekwa hospitalini kwa sheria moja, au kizimbani kwa nyingine, akikabiliwa na kifungo cha hadi miaka miwili.