Sehemu ya 4: Sindano za kupevusha mayai zilitoka wapi?

Mama zangu, wengi mnaniuliza inboksi: "Nesi, hizi sindano ni salama kweli?" Ukijua zilikotoka, jibu utalielewa vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Italia, mkemia Piero Donini alifanikiwa kuchuja homoni ya kuamsha ovari kutoka kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Mkojo mwingi ulikusanywa kwa masista wazee, kwenye nyumba za watawa. Ndiyo, umesoma sawa! Dawa ikaitwa Pergonal. Mwaka 1962, nchini Israeli, daktari Bruno Lunenfeld na wenzake wakapata mtoto wa kwanza kupitia dawa hiyo.

Furaha ile ilikuja na somo chungu. Mwaka 1965 madaktari wa Israeli waliandika kuhusu wagonjwa walioganda damu kwenye mishipa baada ya sindano hizi. Mwaka 1967 wakapanga madaraja ya tatizo, kuanzia jepesi hadi kali.

Kwani hutokea nini? Kwa kawaida yai moja ndilo hukomaa kila mwezi. Dawa hukomaza mengi kwa pamoja. Ikifuata sindano ya hCG ya kuyaachilia, ovari zilizovimba hutoa kemikali zinazofanya mishipa ya damu ivuje. Maji hujaa tumboni, damu inabaki nzito na kuganda kirahisi. Ukishika mimba, mimba yenyewe hutoa hCG, hivyo hali inaweza kuzidi.

Leo tumejifunza. Daktari anapima ultrasaundi, anahesabu vifuko vya mayai na kupunguza dozi. Mayai yakiwa mengi mno, anaweza kubadili sindano ya mwisho, au kugandisha viini na kuvipandikiza baadaye.

Ndiyo maana nakusihi dada yangu: usitumie dawa ya shoga yako wala usijinunulie dukani. Klomifeni mara nyingi huleta dalili nyepesi tu, lakini nayo inahitaji kufuatiliwa.

Na kama uko kwenye matibabu, ukaona tumbo linajaa haraka, unatapika, mkojo umepungua, unahema au mguu mmoja umevimba na kuuma, usisubiri kuche. Nenda hospitali usiku huohuo, useme ni sindano gani ulichoma na lini.

Kutafuta mtoto si aibu. Mtumie mwenzako anayehitaji kusoma hii.