Farasi wa Paris na Mguu Unaosimama Njiani

Katika mji wetu wa Likasi, ulioitwa Jadotville tangu 1931 hata 1966, watu wamezoea kwenda kwa miguu, toka Kikula hata Shituru. Basi mzee akianza kusimama njiani na kushika kigimbi, jirani husema: uzee huo. Mwingine hunong'ona: amerogwa.

Aliyeifumbua habari hii kwanza hakuwa mganga wa watu. Mwaka 1831, huko Paris, mganga wa wanyama Bouley aliona farasi wa kukokota gari. Akipumzika, alikuwa mzima. Akikimbizwa kidogo, miguu ya nyuma ililegea. Akisimama, nguvu zikarudi. Bouley alipochunguza maiti yake alikuta mishipa ya mapaja imezibwa. Miaka 27 baadaye Charcot alionyesha jambo lile lile kwa mwanadamu, askari wa zamani aliyekaa na risasi mwilini. (Farasi alitangulia kutufundisha; wenye kiburi wasikasirike.)

Sababu ni hii: mafuta hushikamana ndani ya mshipa, njia ya damu ikawa nyembamba. Mguu ukifanya kazi hudai damu nyingi, nayo haifiki, ndipo maumivu. Tumbako ndiyo adui wa kwanza, kisha ugonjwa wa sukari na presha.

Zamani dawa ilikuwa msumeno. Mwaka 1948 Kunlin, Mfaransa, alishona mshipa wa mgonjwa mwenyewe upite pembeni ya kizuizi, kama mchimbaji apitishavyo maji kando ya mwamba. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, mganga Dotter alipenyeza mrija katika mshipa wa mama wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Mama yule alitembea kwa miguu yake mwenyewe hata kufa kwake.

Lakini si kila mgonjwa ahitaji kisu. Mganga hupima nguvu ya damu mkononi na kwenye kifundo cha mguu. Ya mguu ikigawanywa kwa ya mkono, ikawa chini ya 0,9, mshipa umezibwa. Mgonjwa huacha tumbako, humeza dawa alizopewa, tena hutembea: aende hata maumivu yamzidie, apumzike, aende tena, nusu saa nzima, mara tatu kwa juma, kwa miezi mitatu. Wengi huongeza mwendo wao hivyo. Mshipa uliozibwa mguuni hutangaza pia hatari ya moyo na ya ubongo, kwa hiyo dawa zisiachwe hata mguu ukipona. Tena maumivu yakija usiku kitandani, au kidonda cha kidole kisipofunga, au kidole kikiwa cheusi, aende hospitali siku ile ile.