Mawaridi juu ya Reli

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Huko Granville, kitongoji cha jiji la Sydney nchini Australia, ufa uliopuuzwa haukudai ukuta. Ulidai roho za watu.

Asubuhi ya tarehe 18 Januari 1977, garimoshi la mabehewa manane lilitoka Mount Victoria, milimani, likiteremka mjini na watu waendao makazini. Yapata saa mbili na dakika kumi, lilipokaribia stesheni ya Granville, kichwa chake kiliacha njia kikazigonga nguzo za daraja la barabara ya Bold Street. Behewa la kwanza lilipasuliwa na mlingoti wa kando ya reli, wakafa wanane. La pili likapita. Punde daraja likaporomoka juu ya behewa la tatu na la nne. Waliokufa kwa jumla walihesabiwa 83, na waliojeruhiwa walizidi 200.

Uchunguzi rasmi uliinyoshea kidole njia yenyewe. Reli hazikukazwa barabara kwenye mataruma. Zikaachana hata gurudumu likakosa pa kukanyaga. Daraja nalo lilibeba uzito usio wake: lilipojengwa lilikutwa liko chini ya usawa wa barabara, likaongezwa zege juu ya zege.

La kuliza zaidi ni habari ya walionaswa. Wapo waliozungumza na waokoaji kwa saa kadhaa, ikadhaniwa wamesalimika. Mzigo ulipoondolewa, sumu iliyojikusanya katika misuli iliyobanwa ikaingia damuni, nao wakakata roho. Mkono uliowafungua haukujua kwamba mzigo uliowaponda ndio uliokuwa umeizuia sumu hiyo.

Daraja jipya lilijengwa bila nguzo katikati ya njia, na fedha zikatolewa kuikarabati reli. Fedha hizo zilipatikana baada ya maziko, si kabla yake.

Kwa miaka mingi jamaa wa marehemu wamekusanyika kila Januari na kudondosha mawaridi darajani, ua moja kwa kila roho. Mwaka 2017, miaka 40 baadaye, serikali ya jimbo la New South Wales iliomba radhi bungeni. Mwaka huohuo mtoto aliyefia tumboni mwa mamaye aliingizwa katika hesabu, ikawa 84. Naye hakuwahi kupanda garimoshi kwa hiari yake, wala kuiona reli iliyomwua.