Habari za Pikipiki na Matunzo Yake katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Leo twataka kuwasimulieni habari za chombo ambacho kila mkaaji wa Dar es Salaam hukisikia kabla ya kukiona, nacho ni pikipiki. Jina lenyewe ni sauti yake. Wazee waliokipa jina hawakutazama magurudumu, walisikiliza. Na mpaka leo fundi hodari wa Temeke au wa Kinondoni huanza kazi yake kwa kusikiliza: valvu zilizolegea hugonga, na cheni kavu hulia.

Watu wengi hudhani ya kuwa pikipiki ni mgeni wa juzi katika nchi yetu. Sivyo. Mwaka 1894 ilianza kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa katika mji wa Munich, na miaka 22 tu baadaye ilikuwa imekwisha kufika kwetu, ikifuatana na vita. Jeshi la Jenerali Smuts lilipoingia kupigana na Wadachi mwaka 1916, lilikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini, na matarishi waliochukua barua za maofisa juu ya vyombo hivyo. Ikaja masika ya mwaka ule. Njia ya kwenda Kondoa Irangi ikawa tope tupu, mitambo ikakwama, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Septemba mwaka huo huo Waingereza wakautwaa mji wa Dar es Salaam. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zikalifanya jina hilo Kariakoo, na mahali palipokuwa na kambi yao paitwa hivyo hata leo. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, maana katika Kariakoo hiyo hiyo ndimo mtu wa Mbagala au wa Bunju aendamo kununua cheni, plagi na pistoni ya pikipiki yake.

Baada ya vita, kwa muda wa miaka mingi, pikipiki ilikuwa chombo cha wachache: askari polisi, padre, bwana shamba, tarishi wa ofisi. Hawa walikuwa na serikali au misheni nyuma yao. Chombo kikiugua, mpandaji hakutoa senti mfukoni mwake. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya pikipiki ya zamani na ya sasa, kuliko hata tofauti ya mitambo yenyewe.

Lakini mitambo nayo ina hadithi yake. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa Honda wa Japani waliona ya kuwa injini zao nzuri zilikuwa zikifa mapema katika nchi zinazoendelea. Walipochunguza waligundua sababu: wenye pikipiki walibeba mizigo mizito, hawakubadilisha oili kwa wakati, wala hawakurekebisha valvu. Mtu mwingine angaliandika kitabu cha maonyo. Wao walibadilisha injini. Ile nondo yenye vigongo inayofungua valvu, ambayo katika injini ya awali ilikaa juu kichwani, waliishusha chini karibu na oili, ikawa inasukuma valvu kwa vijiti virefu. Mwaka 1976 wakatoa pikipiki iitwayo CG125, nayo walifunika cheni yake yote ili vumbi lisiifikie. Viwanda vya Uchina viliiga injini hiyo kwa wingi, na watoto wake ndio waliojaa katika mitaa yetu, pamoja na zile zitokazo India. Kwa maoni yetu, huu ni mfano wa adimu wa mtengenezaji kumfahamu mnunuzi wake kuliko mnunuzi anavyojifahamu.

Basi ziliingiaje vitongojini? Mji ulikua upesi kupita njia zake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 4.3, na mwaka 2022 zaidi ya milioni 5.3. Daladala, zilizoruhusiwa mwaka 1983, hufuata barabara kubwa. Lakini mtu akishuka Mbagala akitaka kwenda Chamazi ndani, au akishuka Tegeta akielekea nyuma ya vilima, hukutana na mchanga, mabonde na vichochoro. Huko ndiko bodaboda ilikopata riziki. Jina hilo lilitoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 vijana waliwavusha abiria kwa baiskeli wakinadi mpaka kwa mpaka. Kwetu sheria ilikuja nyuma ya chombo: kanuni za kuzipa leseni pikipiki za abiria zilitolewa mwaka 2010, na mwaka 2014 zikakatazwa kuingia katikati ya mji. Vitongoji vikazidi kuwa makao yake.

Sasa tuitazame oili, maana ndiyo roho ya maneno yetu. Injini ya namna hii huchukua oili kama lita moja tu, nayo ina kazi nyingi: yalainisha pistoni, yachukua joto, tena klachi na gia vyaogelea humo humo. Ndiyo sababu oili ya motokaa yenye dawa ya kupunguza msuguano huweza kuiponza klachi ikateleza, mpandaji akadhani gia zimekufa. Lita moja ikipikwa na jua la Dar es Salaam kutwa nzima, abiria wawili mgongoni, haidumu. Mchanga nao huingia kwa njia ya hewa. Chujio likitoboka au likitupwa, chembe husaga ringi, na moshi wa buluu hutokea nyuma: hiyo ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni habari nyingine. Hapo petroli imezidi hewa, na mara nyingi chujio limeziba tu.

Cheni na breki twazitaja pamoja, maana zahusu uhai wa watu. Cheni ipasavyo hucheza sentimita mbili mpaka tatu katikati. Ikilegea sana hutoka katika meno, na ikijisokota gurudumu la nyuma hushikwa ghafula. Walio katika Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili wanawajua vema majeruhi wa pikipiki.

Mtu atauliza, kwa nini kijana anayekula kwa chombo hiki asikitunze? Jibu liko katika mapatano. Wapandaji wengi si wenyewe wa pikipiki. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu. Mara nyingi matengenezo madogo ni ya mpandaji, na makubwa ni ya tajiri. Kwa hiyo oili, iliyo ndogo, humkata kijana leo. Injini iliyokufa, iliyo kubwa, itamkata tajiri kesho. Siku ya mvua abiria wakiwa haba, hesabu haipungui, ila oili huweza kungojea.

Mapatano ya pili huitwa mkataba. Hapo kijana hulipa kila siku kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo, na gharama zote za matunzo ni zake, kisha chombo huwa mali yake. Wengi husema mkataba humfanya mtu atunze, nasi twaona kuna ukweli; lakini malipo ya mkataba kwa kawaida huzidi ya hesabu, na siku nazo huwa ndefu zaidi barabarani. Muda ukitimia kadi hubadilishwa jina, naye kijana hukabidhiwa pikipiki iliyokwisha kutembea mwaka mzima, alfajiri hata usiku, katika mchanga wa Chamazi. Na kila saa ya mwendo huo, na kila lita ya oili iliyotiwa au iliyokosa kutiwa, imo ndani ya injini anayoianza sasa kama mwenyewe.